Washairi wa Mbali na Ngitili ya Bibi Nyamizi

Ibadakuli, Shinyanga
17 Februari 1985

Kwako Mjomba Muhidini,

Shikamoo, Mjomba. Kama barua hii imekukuta mzima, tunamshukuru Mungu. Kama imekukuta umekaa tu kwa uvivu wa kuandika, basi inuka utafute kalamu, maana tangu uondoke kwenda huko kwenye dhahabu hatujapata hata salamu ya mdomo.

Sisi huku wazima. Mama, dada yako Mwamvua, bado yuko mjini na maandazi yake siku ngano ikipatikana. Isipopatikana anashinda akiwagombeza wateja kana kwamba wao ndio walioificha. Bibi Nyamizi anakohoa kidogo alfajiri, lakini mama yako unamjua: ukimpa pole anauliza, "Pole ya nini, nani kafa?" Mimi nimehamia kwake tangu mwezi uliopita. Watu nawaambia ni kwa sababu shule iko karibu. Ukweli nimeifuata ngitili, yale malisho yake ya akiba yenye miti.

Sasa sikia habari yenyewe. Wamenipa Fasihi ya Kiingereza, kidato cha tatu na cha nne! Na mashairi yaliyopangwa ni ya wale wale jamaa zako uliokuwa ukitusomea barazani ulipokuwa bado mwalimu, kwenye kile kitabu chako kisicho na jalada. Wale washairi wa Kiingereza wa enzi za mashine za mvuke, waliokimbia moshi wa mijini wakaenda kutembea milimani kwa miguu, wakiona ua wanasimama, wakiona pori limekatwa wanalia. Nilipofungua ukurasa wa kwanza nikasikia sauti yako, na ile tabia yako ya kunyoosha kidole juu kila ukifika penye ndege. Nikashindwa kusoma. Wanafunzi wakadhani mwalimu mpya anaumwa.

Mjomba, asante. Nilikuwa mtoto wa mjini, mti kwangu ulikuwa kuni ambazo bado hazijakauka. Ni wewe uliyetutoa barazani ukatuleta hapa kwa Bibi, ukasema, "Haya, tazameni kama mshairi alivyotazama." Tukautazama ule mti wa mng'ong'o ulioinama karibu na lambo mpaka nikauona kweli. Tangu siku ile sijapita pale bila kugeuka.

Juzi nilimweleza Bibi habari za hao washairi. Alisikiliza huku anachambua mchicha, kisha akauliza, "Hao ndio ndugu za wale waliotukatisha mapori yote wakisema wanaua mbung'o?" Nikasema ndiyo Bibi, ni hao hao Waingereza. "Basi wale wenye kulia wangeletwa huku kwanza," akasema. Darasani nako kuna binti anaitwa Paskalia, kaniuliza huyo mtu anayelilia pori alikuwa anapikia nini. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka, lakini swali limenikaa.

Ngitili imefungwa tangu mvua za kwanza kama kawaida, majani yamependeza. Tangu watu wahamishiwe vijijini mwaka ule wa operesheni, ngitili nyingi zimegeuzwa mashamba. Hii ya Bibi imebaki kama jino la mwisho. Haina uzio, na hakuna anayeingiza hata mbuzi mpaka kiangazi, Bibi atakaposema. Na sheria yake ya siku ya kufungua unaikumbuka: ndama walionyong'onyea na ng'ombe wenye majeraha watangulie, wenye nguvu wasubiri. Mwaka jana madume ya jirani yetu Makoye yalitaka kupenya, akayarudisha kwa fimbo yake mwenyewe.

Haya, andika. Hata kama ni mstari mmoja, nitautundika ukutani.

Mpwa wako,
Tabu


Machimboni, Geita
9 Aprili 1985

Mwalimu Tabu,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine uweke akiba. Barua yako kaileta Marcel, yule dereva wa lori, akiwa ameifunga pamoja na dagaa. Nimekusoma huku nanusa ziwa zima.

Mimi mzima. Huku sukari ipo, sabuni ipo, ukiwa na chembe ya dhahabu hata soda utaletewa. Mwambie Dada Mwamvua ngano iko huku, aje afungue hoteli, na wateja wa huku wamezoea kugombezwa. Mama mwambie nasali. Akiuliza mara ngapi, mwambie barua imeishia hapo.

Nina mwenzangu anaitwa Thobias, Mkatoliki wa Biharamulo, tunachimba duara moja. Duara ndiyo shimo letu la dhahabu. Unashuka kwa kamba, ukifika chini unafuata mwamba ubavuni kama panya, na juu yako imekaa dunia nzima. Kinachoizuia isikukalie ni matimba, yaani nguzo za miti tunazosimamisha pembeni na kulaza darini. Timba zuri ni la mgunga. Mama alinipa machache nilipoondoka, aliyakata mwenyewe, akanifungia kamba kama mzigo wa kuni. Huku miti ya maana imekwisha. Wanatuuzia miti laini ya hovyo ambayo hata kwa banda la kuku ningeona haya.

Ombi langu ni hili. Marcel atapita Shinyanga mwishoni mwa Mei. Mwambie Mama aniruhusu ile migunga ya ngitili, ya kujaza lori. Ndiyo, najua, usininyooshee kidole. Itaota tena. Ni mambo ya kazi tu, hakuna la zaidi, wala usimtie Mama wasiwasi.

Kuhusu wale jamaa, nimefurahi kwamba wamekupata mahali. Lakini nikuambie ukweli mpwa wangu, walikuwa watu walioshiba. Mtu anatembea mlimani, anarudi, anapikiwa, anakaa, anaandika kwamba mlima umemfunza. Huku nako mlima unatufunza, ila sisi tuko ndani yake. Na swali la yule binti ni zuri kuliko majibu yote niliyowahi kuwapa ninyi. Mpe maksi.

Usichelewe kujibu.

Mjombako,
Muhidini


Ibadakuli
26 Mei 1985

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema hoteli hataki, anaogopa atakuwa anakupikia wewe bure. Bibi kikohozi kimepungua. Mahindi tumevuna kidogo, mtama umetuokoa.

Marcel amefika, amekula ugali na mlenda, ameondoka na lori tupu. Sikumsomea Bibi ombi lako. Barua yote nilimsomea, nilipofika kwenye matimba nikaruka mpaka kwenye salamu. Unikasirikie mimi, yeye hajui.

Lakini Mjomba, wewe! Wewe uliyetusimamisha mbele ya mti kama tuko msikitini, leo unaandika "ya kujaza lori"? Nimeisoma barua ile mara nyingi nikitafuta mahali unapotania. Sijapaona. Eti itaota tena! Waliokata Shinyanga nzima kwa ajili ya mbung'o nao walisema hivyo hivyo, na leo mwanamke wa Shinyanga anafuata kuni mpaka miguu inavimba. Walioshiba, sawa, walishiba. Basi na aliyeshiba akilia, machozi si machozi?

Tena nimeamua jambo. Nimemwomba Bibi mwaka huu asiifungue ngitili kabisa. Nimemweleza kwamba asili ikiachwa peke yake, pasipo kwato wala shoka, hujitengeneza yenyewe. Nikamwambia huko Uingereza watu waliyasoma mashairi yale kizazi baada ya kizazi, mpaka wakaungana kuilinda milima yao na maziwa yao isijengwe ovyo, na kwamba sisi tunaweza kuanza na hii yetu. Akasema, "Wewe ndiye mwalimu."

Jumamosi wanafunzi wangu walikuja wakazungusha uzio wa miiba. Paskalia kaandika kibao kwa rangi nyekundu: ASILI IMEPUMZIKA, USIINGIE. Kimependeza! Makoye alipita akakisoma taratibu, akauliza kibao kile ni cha nani. Nikasema ni cha wote. Akasema, "Aa, kumbe," akaenda zake.

Usikasirike sana. Nakupenda, na ninafanya ulivyonifunza.

Tabu


Ibadakuli
14 Julai 1985

Mjomba,

Shikamoo. Huandiki. Kama ni hasira, andika hasira hizo, tutazisoma hivyo hivyo.

Majani yamefika kiunoni, yamekuwa ya dhahabu, upepo ukipita unaona kama yanapumua. Nimewaleta kidato cha nne wakae pembeni waandike. Makoye alikuja kuuliza Bibi anafungua lini, ndama wake mbavu zinahesabika. Nikamjibu mimi kwamba mwaka huu hapana. Bibi alikuwa ndani, alisikia, hakutoka.

Andika tu, hata matusi.

Tabu


Ibadakuli
22 Septemba 1985

Mjomba Muhidini,

Shikamoo, popote ulipo. Salamu za wote, na zote zinanuka moshi.

Ngitili imeungua.

Ilikuwa mchana. Jirani wa upande wa mashariki alikuwa anasafisha shamba, akachoma mabua kama wanavyochoma wote, upepo ukageuka. Miaka mingine moto ungefika kwetu ukakuta ng'ombe wamekwishakula na kukanyaga, ungekosa chakula ukafa pale pale mpakani. Mwaka huu ulikuta majani ya kiunoni, yamekauka, hayajaguswa na mdomo wa ndama hata mmoja. Na kilichoanza kushika ni uzio wangu. Miiba ile mikavu ilipandisha moto kama petroli.

Bibi alitoka nje akaweka viganja mdomoni akapiga mwano, ule ukelele wa Kisukuma wa kuitana kwenye balaa. Mimi nilisimama nikisema moyoni, nani atakuja? Mtamba wa Makoye alikuwa amekufa kwa njaa siku chache kabla, amelala na uso ameuelekeza kwenye majani yetu. Tangu hapo Makoye alikuwa akipita bila kunisalimu. Mjomba, wa kwanza kufika alikuwa Makoye. Alivunja uzio kwa mguu, akakata tawi bichi, akaanza kuupiga moto, nyuma yake wanawe, nyuma yao kijiji. Tukapiga moto mpaka mikono ikachubuka. Zaidi ya nusu imesalimika. Migunga mingi ya upande wa mashariki imekufa wima. Ule mng'ong'o ulioinama umeungua ubavu mmoja. Kibao kimeteketea, na hilo nashukuru.

Wazee walikaa wakanitoza mbuzi. Nilimtoa, tukamla pamoja, ndiyo desturi, hasira huliwa pamoja na nyama yake. Tulipokwisha kunawa, mmoja akasema sasa Mwalimu atusomee hayo mashairi ya Wazungu yaliyotuletea moto. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasoma, nikawatafsiria. Makoye akasema, "Huyu mtu hakuwa na ndama." Watu wakacheka. Alipokuwa anavaa viatu akaongeza, "Lakini alikuwa anapenda. Hilo linasikika hata kwa Kizungu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu wangu alininyamazia! Nilimuuliza Bibi, kwa nini ulinikubalia na ulijua? Akasema hakujua kwamba itaungua, alijua tu kwamba si sawa. "Watoto wangu wote hakuna aliyeipenda ngitili kama wewe. Niliona haya kumkatalia mtu anayependa. Nimekosea na mimi." Kisha akanipaka samli mikononi, kwenye malengelenge.

Nawashukuru watu hawa mpaka nashindwa kulala. Lakini ukimya wako unanitia hofu kuliko moto. Niambie tu kwamba upo.

Tabu


Machimboni, Geita
10 Novemba 1985

Mwalimu Tabu,

Marahaba. Nipo. Barua zako tatu nimezisoma kwa mkupuo. Mwandiko uuvumilie, naandikia gotini. Mimi mzima, Thobias mzima. Siku hizi nakaa zaidi huku juu, nawapikia wenzangu chai na uji, na bila kujisifu, chai yangu inasifiwa. Mpe Mama shikamoo ya kupiga magoti. Mpe Dada salamu. Makoye mpe mkono kwa niaba yangu, ushike sana.

Kuna jambo Aprili sikulisema. Dari la duara letu lilikuwa limeanza kupasuka. Ile miti laini ilikuwa inalia usiku na mchana. Ningeandika hivyo ungemsomea Mama, na Mama angekuja Geita kwa miguu anitoe shimoni kwa sikio. Basi nikaandika ni mambo ya kazi.

Juni likaanguka.

Tulikuwa ndani, mimi na Thobias. Sehemu yote yenye miti laini ilishuka mara moja, tuu! Ikabaki pembe moja ya upana wa kitanda, ile niliyoisimamishia migunga aliyonikatia Mama. Hapo ndipo tulipokuwa tumekaa kupumzika. Giza ambalo hata mkono wako huna hakika nao. Thobias alisali sala zake zote mpaka zikamwishia, akasema, "Muhidini, sema na wewe." Nikasoma Kulhuwallahu, nikarudia, nikarudia tena. Halafu, mpwa wangu, likanitoka shairi. Lile la mtu anayetembea peke yake na kurudi na mlima kifuani. Kwa Kiingereza, mle shimoni, na kidole nimenyoosha juu ijapokuwa hakuna wa kukiona.

Thobias akauliza, "Ndiyo nini hiyo?" Nikaanza kumtafsiria, nikakwama. Hayo maua yao sijawahi kuyaona, mlima wao siujui. Nikamwekea vyetu. Mlima ukawa kile kilima cha nyuma ya nyumba ya Mama. Ziwa likawa lambo. Nikampitisha njia ya ng'ombe, nikamwonyesha mng'ong'o umeinama mkono wa kushoto, jiwe la kukalia chini yake, na kware wanavyoruka ukikohoa. Kila nikinyamaza anasema, endelea. Tuliitembea ngitili yote, mti kwa mti, mpaka tukasikia sululu za wenzetu.

Sasa acha kulia. Najua umefika hapa na unalia, unasema ungelijaza lile lori. Sikiliza: wewe hukuambiwa, aliyeficha ni mimi, na dari lile lilikuwa limekwisha kukata shauri. Migunga ya Mama ilishika mwamba. Mimi mwenyewe nilishikwa na shairi. Ningekuwa sijalisoma pale barazani kwetu, ningekuwa na giza tupu mle ndani. Kwa hiyo asante iliyo kwenye barua yako ya kwanza nairudisha kwako, kwa kuwa ulinikumbusha shairi lile nikiwa nimekwisha kulitupa.

Na yale maneno yangu ya walioshiba nayafuta. Walikuwa watu walioona kitu kinaondoka, wakapiga ukelele, nao ni mwano vilevile. Tatizo lilianza shairi lilipofika kwa wenye amri. Waliolelewa nalo walikuja huku wakaiona nchi nzuri, wakadhani uzuri wake ni kutokuwa na watu, wakawahamisha wafugaji na ng'ombe wao ili wabaki wanyama na wageni wa kupiga picha. Hawakujua kwamba nchi ile ilikuwa nzuri kwa sababu kulikuwa na watu wanaojua kufunga na kufungua. Ndiyo kibao chako kile. Hukulizua kosa hilo, tulifundishwa, na mimi ni mmoja wa waliokufundisha.

Miti iliyokufa wima msiiache ioze. Mama akiridhia, Marcel ataichukua, maana vijana hapa bado wanashuka. Iliyo hai isiguswe hata tawi.

Mjombako,
Muhidini


Ibadakuli
19 Januari 1986

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nililia kama ulivyosema, ukaniambia niache, sikuacha. Barua yako nimemsomea Bibi yote, sikuruka hata nukta. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nimrudie pale penye migunga yake, kisha akaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji. Mama alifunga biashara siku nzima. Ngano ilikuwepo.

Mvua zimetuhurumia. Ngitili imefungwa tena, bila uzio na bila kibao, na kiangazi itafunguliwa, Makoye atakuwa wa kwanza kuambiwa. Hata visiki vilivyoungua vinachipua. Paskalia na wenzake nimewapa kazi: watafsiri shairi la mlima kwa Kiswahili, lakini asiyeweka mahali anapopajua hapati maksi. Laiti ungezisoma tafsiri zao! Mmoja kaweka mgodi wa zamani wa babu yake, mwingine kaweka shamba la pamba la mama yake, na ndama wamejaa kila ubeti.

Sasa habari kubwa. Lori limekuja juzi, na Thobias akiwa ndani. Ameshuka, amemwamkia Bibi kwa heshima, amekunywa maji. Nikamwambia apumzike kwanza, nitamwonyesha ngitili baadaye. Akasema, "Nimeshafika, Mwalimu." Akashika njia ya ng'ombe. Nikamfuata, Mjomba, sikumwongoza hatua moja! Alipita kilima, akageuka kushoto, akakohoa, kware wakaruka, akacheka peke yake kama mtoto. Akasimama mbele ya mng'ong'o. Aliugusa ule ubavu ulioungua, akauzunguka mpaka ule mzima, akakaa kwenye jiwe. Na mimi nikakaa.

Kazi ilianza asubuhi. Bibi alipita kila mti akikwaruza gome kwa ukucha: akiona kijani, acha, akiona pamekauka, kata. Makoye alileta maksai wake wakakokota magogo mpaka barabarani, na hakutaka kitu. Marcel aliukazia macho mng'ong'o, akasema na huu umekwisha, uingie. Thobias akaweka mkono kwenye shina. "Huu tulikuwa nao mle ndani," akasema. Marcel akachukua mwingine. Bibi akamtazama Thobias, akamwambia, "Wabeja," asante ya Kisukuma, na mimi nimeishi naye mwaka mzima sijaisikia akimwambia mtu kwa sauti ile.

Halafu akamuuliza, "Mwanangu anatembeaje?"

Mjomba, Thobias hajui kumdanganya mama mzee. "Kwa mikongojo, Mama. Mguu wa kushoto ulibaki chini ya jiwe muda mrefu. Hautakuwa sawa tena." Kumbe ndiyo maana ya kuandikia gotini. Kumbe ndiyo hiyo chai inayosifiwa! Bibi hakulia. Alichukua ungo, akapeta mtama, akapeta, mpaka nikaona pumba zimekwisha na bado anapeta.

Leo alfajiri ameniamsha nichukue kalamu kabla lori halijaondoka. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza changu: "Mwambie Muhidini ngitili ni yangu, nikitaka naifungua hata Januari. Na siku ya kufungua, wa kutangulia ni aliyejeruhiwa. Anaijua sheria. Aje."

Marcel anapiga honi. Thobias amekaa nyuma juu ya migunga, anasema atakurudisha mwenyewe kwa lori hili hili. Mto wa kuegemeza mguu Mama ameshaushona.

Mpwa wako,
Tabu